Nina C mbili na D ya PCB, kwetu ni korosho. Niombe vyuo gani vya udaktari ambavyo tutavimudu?

Binti wa Tandahimba

Shikamooni wakubwa. Wenzangu mliomaliza pamoja nami, poleni na JKT.

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu kwa kombi ya PCB, shule ya bweni ya Serikali huku huku Kusini. Kemia nimepata C, Baiolojia C, Fizikia D. Daraja la pili, pointi 10. Ninachotaka ni udaktari wa binadamu, na nimeutaka tangu kidato cha pili. Sababu sitazirefusha. Anayeishi kijiji ambacho mjamzito akihitaji upasuaji anapakiwa kwenye bodaboda hadi barabara ya lami, anazijua.

Hali ya nyumbani ni hii. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi. Mama analima mihogo na mbaazi. Anayenisomesha ni mjomba, kaka yake mama, na kwetu mjomba akisema neno limesemwa. Ana mikorosho ya kutosha kulisha nyumba, haizidi hapo, na ana watoto wake watatu bado wako shule. Juzi usiku aliniita akaniambia: "Mwanangu, chuo kikipatikana hata cha gharama, nitauza kipande cha shamba." Sikumjibu. Ile mikorosho aliipanda babu, na wale wadogo zangu watasomeshwa na nini?

Nimeandika kwenye daftari: Muhimbili, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), Mbeya, KCMC, Bugando, Ifakara, na vyuo viwili vya binafsi vya Dar. Kila fomu ina ada ya maombi, kwa hiyo siwezi kuomba vyote. Pia kuna wakala amepita hapa akisema ananipeleka China bila usumbufu wa alama, na binamu wa rafiki yangu aliyeko Marekani anasema huko naweza kuanza na kitu kinaitwa "pre-med". Mwalimu wangu mmoja naye ananiambia niachane na shahada, nisome utabibu ngazi ya diploma hapa hapa Mtwara.

Naomba mnieleze kwa ukweli. Kwa alama hizi nina nafasi wapi? Na wapi tutalipa bila shamba kuuzwa?

Mama wa Wodi

Marahaba mwanangu, na hongera. PCB katika shule zetu si kazi ndogo, wengine mmesoma Fizikia miezi na miezi bila mwalimu.

Mimi ni daktari, nafanya kazi mkoa wa Lindi. Nilianza kama tabibu mwenye diploma, nikakaa vituo vya afya, ndipo nikarudi darasani kusoma MD, shahada yenyewe ya udaktari. Njia zote mbili unazoulizia nimezipita, kwa hiyo nivumilie nikiandika sana.

Tuanze na alama. Kwa hesabu ya vyuo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Wewe una 8. Kiwango cha chini cha TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, kwa MD ni 6, angalau D kwenye kila somo kati ya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kwa hiyo sifa unazo, na asikutishe mtu kwamba huna. Ila hiyo 6 inakupa ruhusa ya kuomba tu. Nafasi zinagawiwa kwa kuwapanga waombaji kuanzia mwenye alama nyingi kushuka chini hadi viti viishe, na viti vya MD huisha mapema kuliko vya kozi nyingine zote za afya.

Ndiyo maana nakwambia, na nakwambia nikiumia kwa sababu najua kila mtoto wa PCB anaiota: kwa alama 8, kuomba MD pale Muhimbili ni kutumia hela ya maombi mahali ambapo foleni imejaa watu wenye A na B. Kama roho yako haitatulia usipoijaribu, omba, lakini kwenye fomu hiyo hiyo huwa kuna nafasi ya programu zaidi ya moja. Weka na uuguzi wa shahada. Muuguzi mwenye shahada ya MUHAS, yaani hiyo hiyo Muhimbili, ni mtu mkubwa katika hospitali yoyote ya nchi hii.

Vyuo vya umma vinavyofundisha MD haviishii Muhimbili. Kuna UDOM, yenye Hospitali ya Benjamin Mkapa jirani kabisa na madarasa. Kuna kampasi ya Mbeya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi wake wanajifunza katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Kuna SUZA, chuo kikuu cha umma cha Zanzibar, ambayo watoto wa bara wengi wanaisahau wakati boti ya kutoka Dar ni ya saa chache. Sina hakika yoyote ya kukupa kwamba 8 itatosha mwaka huu. Inategemea nani wengine wameomba. Lakini hizi tatu ndizo ningezitanguliza, na sababu ni ada. Vyuo vya umma vya bara ada ya MD kwa Mtanzania huwa haivuki milioni mbili kwa mwaka, ya SUZA iulize kwao wenyewe. Vyuo vya mashirika ya dini na vya watu binafsi vinaanzia kwenye kama milioni tano na kupanda. MD ni miaka mitano. Mpe mjomba kalamu azidishe mwenyewe, ataona tofauti inafika kama milioni kumi na tano au zaidi kabla hujala hata chakula.

Sasa usinisikie vibaya kuhusu vyuo vya dini. KCMC Moshi na Bugando Mwanza vimetoa madaktari ambao mimi mwenyewe ningewakabidhi mwanangu. Ifakara pale St. Francis kuna hospitali kubwa ya wilaya za ndani, unaona wagonjwa wa malaria, ajali, uzazi wenye matatizo, yaani yale yale utakayokutana nayo Nanyumbu au Liwale. Kwa alama 8 nafasi yako huko ni nzuri kuliko umma. Kinachokosekana ni hela, na hapo ndipo mkopo unapoamua.

Kuhusu mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, sikiliza kwa makini, maana watoto wa Kusini wanaupoteza kwa karatasi. Wewe ni yatima wa baba. Cheti cha kifo cha baba unacho? Siyo karatasi ya kijiji, cheti chenyewe cha RITA, wakala wa Serikali anayesajili vizazi na vifo. Cheti chako cha kuzaliwa je? Vyote viwili lazima vihakikiwe na RITA kabla hujajaza fomu ya mkopo, na uhakiki unachukua muda. Kisha linganisha majina herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA. Huku kwetu mtoto anaandikishwa shule kwa jina la babu, cheti kinatoka kwa jina la baba, NIDA kwa jina la tatu. Ukikuta tofauti, nenda kwa wakili au mahakamani ukapate hati ya kiapo sasa, siyo wiki ya mwisho. Kama kaya yenu iko TASAF, andika namba ya kaya, inahesabiwa. Na fomu inasainiwa na uongozi wa kijiji na mdhamini, kwa hiyo usiende Dar kabla ya hayo kukamilika.

Jambo jingine dogo linaloumiza wengi. Ukienda kwa mwenye stationery akujazie maombi, usikubali aweke namba yake ya simu wala barua pepe yake. Ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, TCU inakutaka uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwako. Nimemwona binti anazunguka Lindi mjini kumtafuta kijana wa stationery aliyehama, na dirisha linafungwa kesho yake.

Halafu diploma. Mwalimu wako hajakosea kabisa, ila ameiweka mapema mno. Vyuo vya utabibu tunavyo Mtwara, Lindi na Masasi, miaka mitatu, unalala kwa ndugu au unapanda basi la bei ndogo. Diploma ya utabibu yenye GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wako wa kidato cha nne kwenye sayansi, hesabu na Kiingereza, inakurudisha kwenye mlango wa MD. Ukishaajiriwa na kuthibitishwa kazini unaweza kuomba ruhusa ya masomo na mshahara ukaendelea. Mimi nilisoma hivyo. Nilikuwa nimeshazalisha, nimeshashona, nimeshapoteza wagonjwa na kuokoa wagonjwa kabla sijaingia darasa la anatomia, na mambo mengi yaliyowatisha wenzangu hayakunitisha. Lakini ni miaka mitatu mbele ya mitano, na huwezi kujua kama katikati utaolewa, utazaa, utahamishwa. Kwa mwenye 8 mkononi, iweke kama tabaka la tatu: kwanza umma, pili chuo cha dini kama mkopo umetoka wa kutosha, tatu utabibu. Ila vyuo vya kati, yaani vya diploma, viko chini ya baraza lao, NACTVET, na vina tarehe zake. Usisubiri majibu ya vyuo vikuu ndipo uanze kutafuta fomu.

Shamba lisiuzwe. Hilo mwambie mjomba nimesema mimi.

Mzee wa Mikorosho, Newala

Naunga mkono mwisho wa maneno ya daktari, katikati napingana naye kidogo.

Mimi mwanangu yuko mwaka wa tatu wa udaktari, chuo cha binafsi, jina nalihifadhi. Naongea na mjomba wako zaidi kuliko wewe, mpwa, umsomee hii.

Ndugu yangu, wewe na mimi tunapata hela mara moja kwa mwaka. Minada inaanza Oktoba. Vyuo vinafungua Oktoba kwenda Novemba. Kwa hiyo awamu ya kwanza ya ada utailipa huku unacheka, na utadhani umeliweza jambo. Muhula wa pili unakuja Machi, Aprili. Wakati huo malipo ya korosho yameshaenda kwenye deni, kwenye bati, kwenye harusi ya mtu, na kilichobaki unakitunzia salfa, dawa ya mikorosho, maana Mei na Juni unapulizia. Ufuta hauna mnada bado. Mbaazi bado kabisa. Miezi hiyo ndiyo chuo kinabandika majina ya wasioruhusiwa kufanya mtihani. Mwanangu alibandikwa. Alinipigia simu saa tano usiku, na mimi sikuwa na gunia hata moja ghalani.

Na bei haikai. Mwaka 2018 wanunuzi walitoa bei ndogo, wakulima tukakataa, Serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na msimu ule wote ukawa wa wasiwasi. Mwaka 2024 tukaona mnada wa kwanza unapita shilingi 4,000. Miaka mitano ya udaktari maana yake ni misimu mitano ya korosho, na katika misimu mitano lazima kutakuwa na mmoja wa mvua mbaya, au ubwiri unga (ule ugonjwa wa mikorosho), au soko baya. Chuo hakijui ubwiri unga.

Ndiyo maana nasema: chuo cha ada kubwa usikipeleke kwenye orodha ukitegemea mavuno. Daktari anasema kipelekwe na mkopo uamue. Sawa, lakini mkopo una ukomo wake, kwenye ada ya milioni tano au sita unaweza kupewa sehemu na inayobaki ni yako kila mwaka. Wanafunzi wanathibitisha chuo kwanza kwa furaha, mgao wa mkopo unatoka baadaye. Hapo umeshafungwa. Mimi ningeomba umma tu, na utabibu Masasi. Basi.

Kama mjomba atang'ang'ania kusaidia, na najua atang'ang'ania, mwambie afungue akaunti ya mtoto, kila mnada akatwe kiasi kidogo kiingie humo kabla pesa haijafika nyumbani, na isiguswe hadi Machi. Hiyo inasaidia kuliko kuuza ekari. Ekari ukiiuza unalipa mwaka mmoja, na mwaka wa pili huna ada na huna korosho.

Mwaka wa Tatu UDOM

Dada, mimi natoka Nachingwea, niko UDOM, MD mwaka wa tatu. Niongeze yale wazee hawayaoni.

Kwanza bumu, ile fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo. Kwa sasa ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, inakuja kwa awamu siyo kila mwezi. Dodoma ukikaa hosteli za chuo na ukijipikia, inatosha na unaweza kubaki na nauli. Wenzangu walioko Dar wanaokaa mtaani wanalipa chumba miezi mitatu mitatu mbele na bumu likichelewa wanateseka. Kwa hiyo ukilinganisha vyuo usiishie kwenye ada. Uliza hosteli, uliza hospitali ya kufundishia iko umbali gani kutoka unapolala, kwa sababu kuanzia mwaka wa tatu unaingia wodini, zamu za usiku zipo, na nauli ya kila siku inakula bumu lote.

Pili vifaa. Mwaka wa kwanza na wa pili ni vitabu, na vitabu vingi tunasoma kwenye simu na kompyuta. Ukifika wodini unahitaji stetoskopu yako, mashine ya presha, koti jeupe, nguo za upasuaji. Mkopo una kipengele cha mahitaji maalumu ya kozi, ila usipopangiwa utatoa mfukoni. Nunua stetoskopu nzuri ya mtu aliyemaliza, siyo ya mtaani.

Tatu ni sapu, mtihani wa marudio. MD inaua watu mwaka wa kwanza: anatomia, fiziolojia, biokemia, vyote kwa Kiingereza cha kasi. Ukishika sapu unarudi kuufanya mtihani wakati wenzako wako likizo, hiyo ni nauli na chakula ambacho hakuna mkopo unaokulipia. Ukirudia mwaka, mkopo wa mwaka ule usiutegemee. Ukidisko ndiyo umeondoka kabisa. Kwa sisi tuliosoma shule zisizo na maabara, hili ni suala la pesa moja kwa moja. Sasa hivi uko nyumbani, anza kusoma. Kemia ya kaboni na Baiolojia ya seli, hizo mbili zitakuvusha biokemia.

Nne, mbali ni mbali. Likizo za MD ni fupi kuliko za kozi nyingine. Mimi kutoka Dodoma hadi Nachingwea ni lazima nilale Dar. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, wenzetu waliokuwa wanataka kufika Lindi walizungukia Songea na Tunduru. Mbeya kwa wewe wa Tandahimba siyo mbaya hata kidogo, lami ya Masasi kwenda Songea ipo, unapita Njombe, Dar huigusi. Mwanza na Moshi utarudi nyumbani mara moja kwa mwaka, jiandae kwa hilo.

Kuhusu alama: darasani kwangu wenye 8 wapo? Wapo wachache. Omba, na dirisha la pili likifunguliwa omba tena, kwa sababu wengi wanaachia nafasi baada ya kuthibitisha chuo kingine.

Kaka wa Mikindani

Nijibu la China na Marekani kwa kuwa wengine wameliacha.

Mimi nimesoma nje, siyo udaktari, lakini niliishi na wanaosoma. China kuna vyuo vizuri vinavyofundisha udaktari kwa Kiingereza, miaka sita ukijumlisha mafunzo kwa vitendo. Tatizo siyo China. Tatizo ni hilo neno "bila usumbufu wa alama". Kabla ya kwenda kusoma nje unatakiwa upate kutoka TCU hati ya kutokuwa na pingamizi, na ukirudi shahada yako itambuliwe na TCU, kisha Baraza la Madaktari Tanganyika likupime kabla hujasajiliwa. Wakala anakupeleka uwanja wa ndege. Hayo ya kurudi hayamhusu. Na mgonjwa wa kule anaongea Kichina, wewe umesoma kwa Kiingereza, wodini unasimama nyuma. Kama ni ufadhili wa Serikali ya China, unatangazwa kupitia Wizara ya Elimu, hauhitaji kumlipa mtu wa kupita.

Marekani ni habari nyingine kabisa. Kule udaktari hauanzi baada ya sekondari. Unasoma shahada ya kwanza miaka minne, yoyote, mradi ndani yake upitie baiolojia, kemia, kemia ya kaboni na fizikia pamoja na maabara zake. Hiyo ndiyo wanaiita "pre-med", siyo shahada, ni maandalizi. Kisha unafanya mtihani wa MCAT, kisha miaka minne ya udaktari, kisha ubobezi usiopungua miaka mitatu. Mikopo ya serikali yao haimhusu mgeni, na vyuo vingi vya udaktari havipokei wageni au vinapokea wachache sana. Kuna vyuo vichache kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ambavyo kwa shahada ya kwanza vinamtazama hata mgeni bila kuuliza ana pesa kiasi gani, na akikubaliwa vinalipia pengo lote. Lakini hapo unashindana na dunia nzima, na hata ukipata, ile miaka minne ya udaktari inabaki bila mlipaji. Vijana wa Kimarekani wenyewe wanaotaka udaktari wanashauriwa kutafuta chuo cha jimbo lao chenye ada ndogo ili wasifike kwenye udaktari wakiwa na deni. Ushauri ule ule unaopewa hapa na Mzee wa Newala.

Samia Skolashipu je, kuna mtu ameitaja? Inahusu waliofaulu vizuri sana sayansi kidato cha sita, elimu ya tiba imo, inalipa kila kitu. Kwa C mbili na D haikufikii, ila una wadogo zako watatu. Waambie.

Binti wa Tandahimba

Nimesoma yote, nimemsomea mjomba mara mbili. Ile ya akaunti ya Machi aliniambia nirudie. Mzee wa Newala, anakusalimu, anasema anakufahamu kwa maneno japo si kwa sura.

Nimepanga hivi, mnisahihishe. MD: UDOM, Mbeya na SUZA. Kwenye fomu ya UDOM naweka na uuguzi chini yake. Chuo cha dini nimebakiza kimoja tu, Ifakara, na tumekubaliana na mjomba kwamba hatuthibitishi kabla mgao wa mkopo haujajulikana, kama tarehe zitaruhusu. Zisiporuhusu tunaacha. Utabibu naomba Mtwara na Masasi kupitia NACTVET, naanza wiki hii. Muhimbili nimeifuta. Nililia kidogo, yamekwisha.

Cheti cha kuzaliwa ninacho na jina linafanana na la kidato cha nne. Cha kifo cha baba hakipo. Alifia nyumbani, tuna karatasi ya mwenyekiti wa kijiji tu. Tunafanyaje? Na mdhamini wa mkopo anaweza kuwa mjomba, au lazima awe mama?

Na jambo la mwisho, Mama wa Wodi. Nikikosa MD yote mwaka huu nikaenda utabibu, nitakapokuwa mwaka wa kwanza naweza kuomba tena MD kwa alama zangu za kidato cha sita, au ndiyo nimejifunga?

Mama wa Wodi

Orodha yako ni nzuri, sina la kuondoa.

Cheti cha kifo: nendeni ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ndiko usajili wa RITA ulipo wilayani. Mbebe ile karatasi ya mwenyekiti, barua ya mtendaji wa kata, na aende mtu mzima wa ukoo aliyekuwepo msibani. Kifo kilichochelewa kusajiliwa kinasajiliwa, kuna ada na kuna kusubiri, ndiyo maana nataka muende kesho kutwa msingoje mwezi ujao. Kikitoka, papo hapo kiingizeni kwenye uhakiki.

Mdhamini: mjomba anafaa. Awe na kitambulisho chake cha NIDA na picha, na aelewe anachosaini. Mkopo huu utaulipa wewe ukianza kazi, asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, lakini jina lake litakuwa kwenye karatasi, kwa hiyo msomee vipengele kabla hajaweka sahihi.

Kuhusu kujifunga: alama za kidato cha sita haziozi, mwaka unaofuata unaweza kuomba tena. Ila ukishaanza utabibu nakusihi usikae darasani ukiwaza kuondoka. Wanaofanya hivyo wanapata GPA ya 2 na kitu, halafu MD wanaikosa kwa njia zote mbili. Ingia, soma kama ndiyo kozi yako ya maisha, na diploma nazo siku hizi zina mkopo wa HESLB kwa baadhi ya kozi za afya, uliza kwanza kama utabibu umo. Ukipita na 3.5 utakuwa na mkono wenye nguvu kuliko hizi C mbili.

Ukifika ofisi ya RITA ukakwama, andika hapa hapa jina la hati wanayokudai. Nitakujibu jioni nikitoka zamu.